Kumbukumbu ya bruda (chumba cha kulelea vifaranga kwa joto): kundi la tatu limefika siku ya kumi

Vifaranga 50, waliokufa wawili tu. Nimewahesabu mara tatu asubuhi hii.

Kundi la kwanza nilizika 31 ndani ya siku tano. La pili, 19. Na kila nilipokitazama kipimajoto kilisoma nyuzi 33, ndani kabisa ya zile 32 hadi 35 za wiki ya kwanza. Mbagala, Dar es Salaam kwenye joto, nilifuga miaka sita kwa hadibodi na taa, basi. Huku Mufindi, Iringa, mwezi wa saba ukungu unaingia hadi bandani. Nilikuwa nawakuta wamerundikana kona moja, wa chini wamelala bapa, hawapumui. Inauma sana.

Nilibadilisha chakula, maji, glukosi. Nikaleta jiko la mkaa, nikalitoa siku hiyo hiyo, maana banda likizibwa hewa ya mkaa inaua kuku na mfugaji wake.

Aliyeona tatizo ni shangazi. Tulisalimiana kamwene, akapiga goti, akachomeka mkono kwenye maranda mpaka chini. "Mwanangu, hebu gusa hapa." Saruji ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kipimajoto changu kilining'inia usawa wa goti langu. Kifaranga haishi huko juu.

Sasa nimetandika mabanzi, juu yake magunia, kisha maranda ya paina inchi nne. Maranda, si vumbi la mbao, vumbi wanalidonoa. Yakitoka mashineni yana unyevu, yaanike siku mbili. Na kipimajoto nunua chenye waya, ncha uilaze juu ya maranda kabisa. Vile vya kioo vya kutundika mimi sivitaki tena.

Usiku wa tatu umeme ulikatika saa saba. Nilijaza madumu manne ya lita tano maji ya moto, nikayavika magunia, wakayazunguka kimya kimya. Ila kila baada ya saa mbili unachemsha upya, mpaka kuche.

Wiki hii nilipanga kuanza banda la wakubwa, tofali zipo. Nimeliacha. Kwanza bruda: nataka jiko likae nje, moshi wake upite kwenye mfereji chini ya sakafu na kutokea upande wa pili: joto libaki, hewa mbaya iende zake. Shangazi anasema nifunike kwa mawe bapa ya mtoni, yanatunza moto mpaka alfajiri. Nimeshachimba futi tatu.