KUSHOTO mara nne

Niliandika programu ya roboti ya kufikirika inayotembea juu ya meza. Roboti yenyewe ilikuwa namba tatu tu: x, y na mwelekeo. Meza ilikuwa na miraba 5 kwa 5, namba zikianzia 0 hadi 4, na 0,0 ilikuwa pembe ya kusini-magharibi. Amri zilikuwa tano: WEKA, SONGA, KUSHOTO, KULIA na RIPOTI. Kabla ya WEKA iliyo sahihi, amri nyingine zote zilipuuzwa. SONGA ambayo ingeidondosha roboti nayo ilipuuzwa.

Toleo la kwanza nililiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, likatulia. Jioni moja nikalihamishia JavaScript, lugha nyingine ya aina hiyo, mstari kwa mstari. Majaribio yote yakapita, hata lile nililoliamini zaidi: WEKA 0,0,KASKAZINI, kisha KUSHOTO mara nne, RIPOTI. Jibu: 0,0,KASKAZINI. Safi kabisa.

Kisha, kwa kuchezea tu, baada ya WEKA ileile nikaandika KUSHOTO mara moja, SONGA, RIPOTI. Skrini ikanijibu: NaN,NaN,undefined. Yaani x na y si namba tena, na mwelekeo haupo.

Mwelekeo niliuhifadhi kwa namba: kaskazini 0, mashariki 1, kusini 2, magharibi 3. Kugeuka kushoto ilikuwa kutoa 1, kisha kuchukua baki ya kugawanya kwa 4. Kwenye Python, baki ya -1 kwa 4 ni 3, yaani magharibi. Kwenye JavaScript ni -1, na kwenye orodha yangu ya mielekeo na hatua zake hakuna kitu kinachokaa nafasi ya -1; SONGA ikajumlisha kitu kisichokuwepo, ikapata NaN. Jaribio langu pendwa lilipita kwa sababu namba ilishuka -1, -2, -3, kisha baki ya -4 ikawa sifuri. Kaskazini tena! Ningeweka RIPOTI baada ya kila mgeuko, ningeiona palepale.

Lililoniudhi zaidi ni ukaguzi wa ukingo. Niliandika: kama x ni chini ya 0 au zaidi ya 4, kataa. Sasa NaN haiko chini ya 0 wala haizidi 4, kwa hiyo ikapita mlangoni bila kuulizwa. Nikaugeuza: kubali tu kama x ni 0 au zaidi na pia haizidi 4, y vilevile. Kwa kushoto nikaacha kutoa 1, nikajumlisha 3.

Nikarudia: KUSHOTO, SONGA, RIPOTI. 0,0,MAGHARIBI. Roboti imesimama ukingoni, imegoma kudondoka.