Nilivyopata mbu wenye malaria ya panya pori baada ya kufeli mara tatu

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipewa kazi ya kuambukiza mbu malaria ya panya, Plasmodium berghei, hii haimshiki binadamu ndo maana wageni wengi tunaanzia hapo. Nikaona rahisi tu, panya ana vimelea kwenye damu, unamchoma dawa ya usingizi, unamlaza juu ya neti ya keji, mbu wanakunywa, unasubiri. Na kweli walikunywa, matumbo mekunduu. Siku ya 10 nikapasua mbu 20, chini ya hadubini hamna kitu. Nikabadilisha panya, sifuri. Nikabadilisha mbu, nikalaumu mpaka maji ya sukari tunayowapa, sifuri tena.

Kumbe nilikuwa nawaweka kwenye nyuzijoto 27, sababu malaria yetu sisi ndo inakomaa vizuri hapo, na mi kichwani malaria ni malaria, ni joto. Kuna fundi mmoja mzee, nikamwamkia shikamoo, hata hajaitikia vizuri kaangalia kipimajoto akacheka. "We dogo, unawapika hao. Unajua hicho kidudu kwao wapi?"

Sikujua. Kwao ni Katanga, Kongo. Watafiti wawili, Vincke na Lips, walikipata mwaka 1948 kwenye damu ya panya wa vichakani, na mbu anayekibeba huko ni Anopheles dureni, anakaa kwenye misitu ya kandokando ya mito, nyanda za juu zaidi ya mita 1,000, kivuli na ubaridi muda wote. Yani malaria inazunguka humohumo, panya, mbu, panya, sisi watu hatuna habari nayo kabisa. Nilishangaa, mi siku zote nilidhani huu ugonjwa ni wetu peke yetu.

Basi hicho kimelea ndani ya mbu kinataka nyuzi 19 mpaka 21, ukizidisha, hasa ile siku ya kwanza baada ya kunywa damu, kinakufa na mbu anabaki mzima anakuangalia tu. Hatukuwa na mashine ya kupoza, nikaomba kale kachumba ka stoo kenye AC nikaset 20. Mbu wakaanza kufa, AC inakausha hewa! Nikatundika mataulo mabichi, mabeseni ya maji chini, unyevu ukapanda kwenye asilimia 80, nikawa naenda hadi jumapili kulowesha mataulo, umeme ukikatika usiku silali.

Siku ya 11 nikapasua, nikapaka ile rangi nyekundu, nikaona viduara, ndo vimelea vyenyewe vinakua, vimejipanga kwenye ukuta wa tumbo, nikahesabu mbu 13 kati ya 20. Siku ya 21 tezi za mate zimejaa vile vimelea vyembamba kama nyuzi.

Mzee kuona hivyo akachukua plasta, akaibandika kwenye rimoti ya AC, akaandika kwa kalamu: USIGUSE, HAPA KATANGA.