Kuendesha Linux ya Kigamboni kutoka LabVIEW ya Sinza

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili nzima naangalia skrini iliyoganda, afu kosa lenyewe lilikuwa dogo tu. Naliandika hapa kwa sababu najua kuna mafundi wa vipimo na umeme hapa Dar wanaotumia LabVIEW kama mimi, na hili lazima watakutana nalo.

Kazi yenyewe iko hivi. Kigamboni kuna matangi ya maji, pale tumefunga Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayosoma kina cha maji na kuwasha pampu, ndani yake ni Linux badala ya Windows. Ofisi iko Sinza, kompyuta ni Windows, mteja anataka skrini yenye vitufe tu: soma kina, washa, zima, basi. Maana ukisema uende mwenyewe kule kuandika amri moja, ni upande mwendokasi Shekilango mpaka Kivukoni, usubiri pantoni, uvuke, utafute bajaji, asubuhi yote imeenda.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, LabVIEW ni programu ambayo huandiki kodi, unachora. Ipo tangu 1986, ilianzia kwenye Macintosh, ilitengenezwa na National Instruments. Unaweka viboksi unaviunganisha kwa waya na data inapita kwenye waya. Boksi halianzi kazi mpaka kila kinachoingia kimefika, kwa hiyo boksi moja likikwama, yote yanayolisubiri nyuma yake nayo yamekwama. Hilo lishike, ndo mzizi wa shida yangu.

Boksi la kutuma amri linaitwa System Exec. Watu wengi wanadhani linaenda lenyewe mpaka kwenye Linux, hapana, lenyewe linaendesha amri kwenye Windows hapohapo ulipo. Sasa unalipatia amri ya kuita programu nyingine inayojua SSH, yaani njia salama ya kuingia na kutuma amri kwenye kompyuta ya mbali. Mi nilianza na plink, hii inakuja pamoja na PuTTY, programu ya SSH ya Windows:

plink -i C:\funguo\tangi.ppk pampu@10.8.0.6 soma_kina.sh

Kwenye laptopu yangu ikaenda vizuri kabisa. Nikaihamishia kwenye kompyuta ya mteja, kijana wao akabonyeza, baada ya dakika kumi ananipigia, "Kaka, mbona kitufe kimebaki kimebonyea hakirudi?" Nikadhani mtandao, nikapima VPN, ile laini ya faragha inayounganisha Sinza na Kigamboni, iko safi. Nikadhani ufunguo, lile faili la .ppk linaloingiza badala ya paswadi, nikabadilisha. Siku ya kwanza ikaisha hivyohivyo.

Kumbe plink ilikuwa inauliza swali. Ukiunganisha na mashine kwa mara ya kwanza SSH inakuonyesha alama ya hiyo mashine na kukuuliza, unaitambua, niihifadhi? Kwenye laptopu yangu nilishajibu zamani, nikasahau kabisa. Kwenye kompyuta ya mteja swali limekuja, lakini System Exec haina dirisha la mtu kujibia, kwa hiyo plink inasubiri jibu, boksi linamsubiri plink, na skrini yote inasubiri boksi.

Ukitafuta intaneti utaambiwa uibandike herufi y mbele ya amri iwe inajibu ndiyo yenyewe. Usifanye hivyo, nasema kwa moyo wote. SSH aliitengeneza Tatu Ylönen kule Finland mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kuibiwa paswadi, na lile swali ndo linakulinda usije ukampa amri mtu aliyejifanya ni mashine yako. Kwangu hapa ni pampu ya maji ya watu. Ingia kwa mkono mara moja kwenye kila kompyuta, linganisha alama, kubali, afu kwenye amri weka -batch. Ukiweka hiyo plink haiulizi chochote, ikikosa kitu inakata hapohapo na kurudisha kosa, na kosa unaliona.

Na paswadi usiiweke ndani ya amri, mtu yeyote akifungua mchoro wako anaisoma. Tumia ufunguo.

Siku ya pili likaja lingine, inaniambia soma_kina.sh haipo, namba ya kosa 127, wakati nikiingia kwa mkono ipo. Hii ni kwa sababu ukituma amri moja kwa SSH, Linux haisomi yale mafaili yote inayosoma ukiingia mwenyewe, kwa hiyo foda ya bin ya yuza haimo kwenye orodha ya foda inazotafutia amri. Andika njia nzima, /home/pampu/bin/soma_kina.sh, imeisha.

Baadaye nimehamia kwenye ssh ya Windows yenyewe, ipo kwenye Windows 10 tangu 2018, na badala ya -batch unaandika -o BatchMode=yes. Nimehama kwa sababu moja: ikishindwa kuunganisha inarudisha 255, amri yenyewe ikishindwa kule inarudisha namba ya hiyo amri. Yaani naweza kumwandikia mteja "mtandao umekatika" au "pampu imekataa", na hayo mawili kwa mtu mwenye tangi ni mbali sana. Ila kama LabVIEW yako ni ya biti 32 itakwambia ssh haipo hata kama unaiona kwa macho, kwa sababu Windows inaipeleka kwenye foda nyingine kimyakimya. Andika C:\Windows\Sysnative\OpenSSH\ssh.exe itaipata.

System Exec inatoa waya tatu, majibu, makosa na ile namba ya mwisho. Mifano mingi wanaunganisha waya wa majibu tu. Unganisha zote tatu jamani, zile siku mbili zangu zingekuwa nusu saa.

Imebaki amri ya kuwasha pampu, hiyo inaendelea kukimbia masaa, na ukiisubiri unarudi kulekule kwa kuganda. Naituma hivi, nohup ili isife laini ikikatika, na & ya mwisho ili ikimbie yenyewe nyuma:

nohup /home/pampu/bin/washa.sh > /home/pampu/logi.txt 2>&1 &

Ukiweka & peke yake bila kugeuzia majibu kwenye faili, SSH bado inabaki imeshikilia laini, hapo nilipoteza saa nzima nyingine. Sasa kitufe kinarudi papo hapo, afu boksi la pili linasoma mistari ya mwisho ya logi kila sekunde tano. Jana kijana wa mteja kawasha na kuzima mara sita akiwa Sinza, kina kwenye skrini kinapanda na kushuka, hajanipigia.