M-4118

Jana binti yangu alikuwa akipanga risiti za shehena, akaniuliza, "Baba, hizi M na L mbele ya namba ni za nini?" Nikamjibu kwa mkato: M ni Mokowe, upande wa bara, L ni Lamu, kisiwani. Usiku usingizi ukanipaa.

Kabla ya herufi hizo tulikuwa na kompyuta mbili, moja kila upande wa maji, na mtandao haukawii kukatika. Kila moja ilikuwa na hifadhidata yake inayojihesabia: 1, 2, 3. Siku ya kuziunganisha, nilipoingiza data ya Mokowe katika ya Lamu, mashine ikagoma: namba imejirudia.

Nikaziweka rekodi mbili sambamba. 4118 ya Mokowe, mifuko 40 ya saruji. 4118 ya Lamu, matenga 6 ya samaki. Na malipo ya Sh3,200 yaliyoandikiwa 4118, basi. Ya saruji au ya samaki? Wenye mizigo ya Mokowe walilipia Lamu, na karani alinakili namba aliyoiona kwenye risiti. Niliikodolea macho ile tarakimu hadi adhana ya alfajiri.

Kugawana namba, huku witiri huku shufwa, kungetosha vituo viwili. Cha tatu kikifunguliwa Mpeketoni, mambo yanaharibika. Nikachagua UUID, kitambulisho kirefu cha kipekee: biti 128, kila mashine inajitengenezea bila kumuuliza mwenzake. Toleo la 4 ni la kubahatisha, rekodi mpya huangukia popote katika faharasa, ile orodha ya kutafutia rekodi, na diski ikahangaika. Toleo la 7, lililo kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 9562 wa Mei 2024, huanza na biti 48 za muda kwa milisekunde, kwa hiyo rekodi mpya hujipanga mwishoni.

Utaratibu ndio roho ya kazi hii. Nakala ya akiba kwanza. Kisha, hifadhidata zikiwa bado mbalimbali, kila shehena ipewe UUID, na kila malipo yapewe UUID ya shehena yake kwa kufuata namba ya zamani. Ukitangulia kuunganisha, huna tena cha kufuata. Safu iwe ya aina ya uuid, baiti 16. Ukiihifadhi kama maandishi ni herufi 36. Ndipo ubadilishe ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, uwe UUID.

Namba fupi sikuifuta. Hamali huita "M-4118!" toka mashuani na wa gatini akasikia, UUID haiitiki.

Zile Sh3,200 nilizifuata hadi kwenye daftari la nahodha. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umerowa maji ya chumvi. Mwenye saruji anaapa alilipa. Mwenye samaki naye anaapa.