Mnaosoma dini na nyumbani kuna mke na watoto

Ndugu zangu wa darsa hapa Lamu, wenye familia: wakati wenu bora ni baada ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka kutaka chai na mahamri. Hapo ndipo pa kuhifadhi kipya katika Qur'ani, nacho kiwe kidogo. Msahafu wa Madina, wa mistari 15 kwa ukurasa, una kurasa 604. Nusu ukurasa kwa siku ni miaka mitatu na kitu, na huko si kuchelewa hata kidogo.

Soma aya kwa kutazama mpaka ulimi uzoee, funika, isome kwa moyo, kisha iunge na ile iliyotangulia. Wengi huruka hapo pa kuunga. Wakifika mbele ya sheikh, kila aya wanaijua peke yake, ila hawajui inayofuata. Wala usibadilishe msahafu katikati, maana jicho nalo hukumbuka aya ilipo kwenye ukurasa.

Muraja'a, yaani kurudia ulichokwisha kuhifadhi, iwe baina ya Magharibi na Isha. Mtoto wa madrasa akushikie msahafu: wewe unasahihishwa, yeye anazoea kusoma. Mtoto akiugua, acha kipya wiki nzima, lakini muraja'a usiiache; soma robo juzuu (juzuu ni sehemu moja katika thelathini za Qur'ani) ndani ya sala zako za sunna.

Fedha ikipatikana, mchele na mafuta ya nyumbani kwanza, wallahi. Kitabu cha nahau ya Kiarabu azima kwa aliyekutangulia, chenye maelezo aliyoandika pembeni wakati sheikh akisomesha. Hicho kina faida kuliko kipya.