Kata za Geita na mpango wangu wa Wikipedia ya Kiswahili

Nikimwambia mtu kwamba najitolea kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, swali huwa ni lile lile: umeandika makala ngapi? Hata baadhi ya wahariri walionitangulia walinishauri kwa mkondo huo huo. Tafsiri haraka haraka, ongeza makala, idadi ipande. Ushauri huo uliniudhi tangu mwanzo na unaniudhi hadi leo. Mwanafunzi anayetafuta habari za kata yao hana haja na jumla ya makala zetu. Anafungua moja tu, na hiyo ikimpa habari ya uongo, harudi tena.

Na za uongo zilikuwapo tele. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa mipya minne: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Makala nyingi za kata zilikuwa zimeshaandikwa kabla ya hapo, zikiwa mbegu, yaani makala fupi za kuanzia, za mistari miwili mitatu na idadi ya watu ya sensa ya 2002. Mbegu ya namna hiyo ikishapandwa, mara nyingi hakuna anayerudi kuipalilia. Miaka mingi baadaye bado nilikuta kata za Bariadi zimewekwa Shinyanga na za Ludewa zimewekwa Iringa.

Nikaamua kwenda mkoa kwa mkoa, na nikaanza na Geita kwa kuwa ndio mgumu. Ulikusanywa kutoka mikoa mitatu: Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Bukombe ikatoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Juu ya hapo wilaya zenyewe ziligawanywa. Chukua Masumbwe. Makala ikisema ni kata ya Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga, imekosea mara mbili katika sentensi moja, maana leo iko Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita.

Mtu mmoja hodari wa kompyuta aliniambia najitesa bure. Tumia programu, alisema, iamuru ibadili kila penye "Mkoa wa Mwanza" paandikwe "Mkoa wa Geita", kazi imekwisha. Nilinakili makala kadhaa kwenye ukurasa wangu wa mazoezi (kamwe usijaribie kitu kama hiki kwenye makala halisi) nikaiacha ifanye kazi yake. Sengerema, iliyotajwa kama wilaya jirani, ikahamishiwa Geita, ilhali iko Mwanza hadi leo. Sentensi iliyoeleza kwamba Wilaya ya Geita ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi 2012 ikageuka kusema ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Geita hadi 2012, kana kwamba imeshauacha mkoa wenye jina lake. Kata za Chato hazikuguswa kabisa, kwa sababu zenyewe zilitaja Kagera. Programu huona herufi tu. Kujua kama sentensi inazungumzia leo au zamani ni kazi ya msomaji.

Njia iliyofaa niliikuta chini kabisa ya kurasa hizo hizo, na hadi leo naifurahia. Kila makala ya kata ina kigezo, yaani kisanduku kimoja kinachotumiwa na kurasa nyingi, kinachoorodhesha kata zote za wilaya yake. Ukifungua kigezo chenyewe kisha ukabofya "Viungo viungavyo ukurasa huu", unaletewa makala zote zinazokitumia, bila kutafuta moja moja. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi. Kichwa cha kigezo ukikirekebisha mara moja, kinabadilika katika makala zote hizo. Majina mekundu ndani yake yanakuonyesha kata ambazo hazijaandikwa kabisa. Nyang'hwale ilinilazimu kuitengenezea kigezo chake, kwa sababu kata zake, Kharumwa ikiwamo, zilikuwa bado zimechanganywa na za Geita. Baada ya hapo inabaki sentensi ya kwanza na jamii (kundi la makala za mada moja, linaloandikwa chini ya ukurasa), na hizo nazisoma kwa macho yangu, ukurasa kwa ukurasa. Bando linakwenda, lakini kurasa za maandishi matupu hazili sana.

Jamii usiisahau. Makala inaweza kusema Geita juu, huku chini bado imo katika jamii ya Mkoa wa Mwanza, na anayepitia jamii ataikuta mahali pasipo pake.

Takwimu nazo zina mtego. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchi nzima, ya 2022 ikahesabu 61,741,120, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi ya kata kwa kata. Kuna waliotaka tufute namba ya zamani na kuweka mpya. Mimi naziacha zote mbili, kila moja na mwaka wake na tanbihi yake. Kata nyingine ziligawanywa kati ya sensa hizo mbili, kwa hiyo namba ikishuka haina maana kwamba watu walihama. Palipogawanywa naandika hivyo, na nataja kata iliyozaliwa.

Sasa niko Simiyu, ambako Busega ilitoka Mwanza na nyingine zikatoka Shinyanga. Nikitoka hapo nakwenda Songwe, mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, kisha nahamia Kenya, ambako makala za miji bado zinataja Mkoa wa Bonde la Ufa kana kwamba kaunti 47 hazijaanza kazi tangu 2013. Katavi na Njombe bado hazina mhariri. Ukizitaka, andika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mkoa ni wilaya gani unaichukua, tusije tukahariri ukurasa mmoja watu wawili kwa wakati mmoja.