Nililala na bandari, nikaamka sina

Kwa wasiojua, mi na washkaji kama tisa hivi tuna nchi zetu za kubuni, kila mtu na ramani yake, bendera yake, katiba yake (ya kwangu ina kurasa mbili, usicheke), tuna grupu ambako tunasaini mikataba, tunauziana mchele wa kufikirika, na ikifika mahali, tunapigana. Ya kwangu inaitwa Ufalme wa Mbuyuni. Sasa siku moja nimelala saa tano usiku nina bandari safi kabisa, asubuhi nafungua simu nakuta jirani wa kaskazini kaandika eti makomandoo wake walishaingia tangu juzi wamevaa kama wavuvi na bandari ni ya kwake. Nikamjibu wavuvi wote wa Mbuyuni ni askari wa akiba. Akasema hilo alilijua, ndo maana kwenye chai yao alitia dawa ya usingizi. Tukaenda hivyo siku tatu, mpaka mmoja ambaye hata hakuwa vitani akatoa nyuklia.

Baada ya hapo kelele zikawa tuweke sheria za silaha, nani aruhusiwe droni, vifaru mwisho vingapi. Mi nikaona hapana. Hata tungepewa mikuki tungegombana vilevile, maana anayeandika mwisho ndo anashinda, ye kashaona umefanya nini, anachagua tu jibu.

Na hii kitu watu walishaitatua zamani sana. Mwaka 1824 kule Prussia (dola ya zamani ya Wajerumani) kuna luteni, Georg von Reisswitz, aliboresha mchezo wa vita alioanzisha baba yake, kila upande unaandika amri zake unampa refa, na refa anaweka mezani vile tu ambavyo adui angeviona kwa macho. Halafu kuna ule mchezo wa Diplomacy uliotoka 1959, hauna dadu kabisa, wote mnaandika kwa siri, karatasi zinafunguliwa kwa pamoja. Sisi tumekulia kwenye bao, kete zote 64 ziko wazi na mnapokezana zamu, kwa hiyo kwanza watu walisema kufichana ni uoga. Nikawaambia kwenye bao huwezi kumwambia mwenzako ulishacheza zamu yako jana akiwa amelala.

Basi tukaweka: amri zinaenda inboksi kwa refa kabla ya Jumapili saa mbili usiku, usipotuma jeshi lako linabaki lilipo linajilinda, na kama jambo halikuandikwa kwenye amri basi halikutokea, wavuvi wako hata wawe makomandoo wa aina gani. Refa asiwe na nchi kwenye vita hiyo wala mkataba na yeyote anayepigana. Hili la mkataba tuliliongeza baadaye, na aliyetufanya tuliongeze anajijua.

Hesabu ndo ilitutoa jasho. Mwanzoni tulikuwa tunatoa tu, 300 wakipigana na 200 wanabaki 100, inaonekana haki eti. Kumbe kuna injinia Mwingereza, Frederick Lanchester, alishaandika mwaka 1916 kwamba kama wote wanaweza kurushiana risasi kwa wakati mmoja na uwezo uko sawa, nguvu ya jeshi ni idadi mara idadi yenyewe. Yaani 90,000 toa 40,000 unabaki na 50,000, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 224. Mkubwa kapoteza watu 76 tu kamaliza 200! Ukiitumia hiyo ikiwa uchi hivyo, nchi ndogo zinafungasha wiki ya kwanza na grupu linakufa. Kwa hiyo kila eneo kwenye ramani tukalipa kipimo cha wanaoweza kupigana kwa wakati mmoja, kwenye tambarare wote, kwenye mlango wa milima 50 kwa 50, wengine wanasubiri foleni huku wanakula. Na jeshi lililo nje ya mipaka yake linakula mara mbili. Ghafla yule mwenye askari 900 akaanza kuulizia bei ya mchele wangu, kwa adabu kabisa.

Bahati tumeiacha kidogo. Dadu moja ni wazimu, 1 na 6 zina nafasi sawa, tunarusha mbili, 7 inatoka mara 6 kati ya 36 na 12 mara moja tu, kwa hiyo maajabu yapo ila hayawi ya kila wiki. Refa anarusha anarekodi video, hatuamini skrinishoti.

Nyuklia bado tunabishana, mi nasema zitoke kabisa, kuna wawili wanagoma na wote wawili wanazo, sishangai.

Bandari haijarudi. Amri za Jumapili hii nimeshatuma, na jirani wa kaskazini najua anasoma hapa, kwa hiyo sisemi nimeandika nini.